Nalala na funguo chini ya mto, na nyumba nzima imeninunia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Chamazi, Dar es Salaam. Nyumba ni yetu, na kama wengi tulihamia kabla haijaisha. Madirisha ya mbele yana grili, ya nyuma bado. Fensi upande wa nyuma imeishia tofali tatu. Tunaishi na dada wa kazi pamoja na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kilwa baada ya baba mkwe kufariki. Mume wangu anafanya kazi ya zamu bandarini. Zamu nyingine inamrudisha saa sita usiku, nyingine asubuhi kabisa, kwa hiyo siku nyingi usiku mwenye nyumba ni mimi.

Miezi michache iliyopita jirani yetu wa nyuma aliibiwa. Wavu wa dirisha ulichanwa kwa wembe, pande mbili tu, kwa usafi kama kazi ya fundi cherehani, kisha wakapitisha upondo wenye ndoano. Suruali ya baba mwenye nyumba ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ilitoka kupitia kwenye nondo, ikafuata simu, ukafuata mkoba wa mama. Asubuhi tuliikuta ile suruali kwenye mihogo, mifuko imegeuzwa nje, kitambulisho cha NIDA kimewekwa juu yake. Watu walicheka sana hilo la kitambulisho, eti mwizi mstaarabu. Mimi sikucheka. Wenyewe wanasema hawakusikia chochote, na mtaa mzima unaamini walipuliziwa dawa ya usingizi.

Tangu hapo nimeweka utaratibu. Saa kumi na mbili na nusu jioni watoto wako ndani. Saa moja mlango wa jikoni unapigwa kufuli na madirisha yote yanafungwa, joto lisijoto. Saa tatu geti linawekwa komeo kwa ndani. Funguo zote ziko kwenye pete moja, na pete iko chini ya mto wangu.

Ugomvi ulianza na mama mkwe. Anaamka kabla ya alfajiri, anataka kutoka akatawadhe kwenye bomba la uani. Mwanzoni nilikuwa nampa funguo. Nikaamka nikakuta mlango wa jikoni uko wazi wote, yeye yuko chumbani kwenye msala, na mtungi wa gesi unatazamana na njia. Nikachukua funguo. Sasa kila alfajiri anagonga mlango wangu na kusema kwa sauti, ili dada naye asikie, “Mwanangu, naomba ruhusa ya kwenda kuswali.” Wifi yangu amenipigia simu kuniuliza kwa nini namfungia mama yao ndani kama mahabusu.

Kwa mume wangu ndiyo balaa. Ana ufunguo wake wa geti, lakini komeo la ndani likiwekwa ufunguo haumsaidii. Inabidi anipigie nikamfungulie. Juzi nilikuwa nimechoka na mitihani ya wanafunzi, simu sikuisikia, akakaa nje karibu nusu saa. Alipoingia alisema neno moja tu: “Humu ndani unamwogopa mwizi, mimi huko nje unaniachia yeye.” Hakunisemesha mpaka kesho yake jioni. Niliona ananionea, maana hayo yote nawafanyia wao.

Yeye hoja yake ni kwamba hatujawahi kuibiwa. Mimi namwambia hatujaibiwa kwa sababu nafunga. Hapo ndipo tunapoishia kila mara. Mchango wa ulinzi shirikishi hataki kutoa, anasema walinzi wenyewe wanalala kibandani. Lakini chini ya kitanda, upande wake, ameweka panga. Na mwezi ujao mchezo wetu wa kina mama unanitokea mimi. Nataka nitie grili madirisha matano ya nyuma, fundi ameniambia laki sita na nusu. Yeye anataka hela hiyo ipige dari chumba cha mama yake.

Dada naye amenuna. Zamani alikuwa anapikia mkaa kibarazani, sasa saa moja ikifika anaingiza jiko jikoni, na kila jioni kichwa kinamuuma. Namwona ana visingizio vingi siku hizi.

Shangazi, mimi si mwoga wa kuzaliwa. Nilipokuwa darasa la tano, kwetu Morogoro, wezi waliingia usiku wakamfunga baba kamba. Mlango alikuwa amefunga mama. Alisemwa kwa hilo mpaka baba anafariki.

Nilegeze ili nyumba itulie, au nishikilie hapo hapo? Na nikilegeza halafu tukaibiwa, nitajibu nini?

Mama Kufuli (ndivyo wanavyoniita), Chamazi

*

Marahaba, mwanangu. Pole na kazi, na pole na usingizi wa mang'amung'amu.

Umeniuliza ulegeze au ushikilie. Nitafika huko, ingawa nakuonya mapema kwamba sitakuchagulia. Mimi sipajui mtaani kwenu, na siye nitakayesikia mbwa wakibweka saa tisa usiku. Ila kuna kitu umekipitia juu juu mwishoni mwa barua, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, na hicho siwezi kukisubirisha.

Ni jiko la mkaa. Mkaa unapowaka ndani ya chumba kilichofungwa madirisha unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Mkaa uliokwisha kushika vizuri, ule mwekundu usiotoa moshi ambao tunadhani ndio salama, unaitoa pia. Dalili yake ya kwanza ni hiyo hiyo anayokulalamikia dada kila jioni: kichwa. Baadaye kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, na mtu anayelala humo anaweza asiamke. Sisemi ndicho kinachomuuma kichwa, inawezekana ni uchovu au macho. Lakini kabla ya kumwita mvivu, leo hii jiko lirudi kibarazani, chakula kiive kabla ya saa moja, au usiku mtumie gesi kwa kidogo kilichobaki. Na lisiingizwe ndani likiwa na makaa, hata usiku wa mvua. Hili nakuomba ulifanye kabla hujamaliza kusoma.

Sasa turudi kwenye funguo. Nimeielewa barua yako hivi: una nyumba iliyo wazi kwa nyuma, mume ambaye usiku mwingi hayupo, na jirani aliyeibiwa hatua chache kutoka kwako. Umefanya anachofanya mtu makini, umefunga. Na kila ulipofunga kuna mtu wako ambaye kufuli hilo limemgusa: bibi na swala yake, baba na geti lake, dada na jiko lake. Wewe unaona unawalinda, wao wanaona wanazuiwa. Hakuna hata mmoja hapo ambaye hataki nyumba iwe salama, mama mkwe akiwemo. Nadhani hilo unalijua, ila ukiwa umekasirika linasahaulika.

Naomba nikuulize maswali kadhaa, uyajibu mwenyewe ukiwa umetulia.

La kwanza: ukifumba macho ukaiona ile hatari, unaona nini? Maana katika barua yako naona wezi wa aina mbili wamechanganyika. Kuna huyu wa upondo, aliyechukua suruali na kuacha kitambulisho. Huyo anataka kitu chepesi, anataka giza, na hataki kuonana na mtu. Halafu kuna wale waliomfunga baba yako kamba. Walioishi Dar mwaka 2022, Panya Road walipokuwa wanaingia majumbani kwa makundi na mapanga, wanaijua hofu hiyo ya pili, na hakuna aliyeiwazia akaambiwa anajitungia. Lakini wezi hawa wawili hawazuiwi kwa njia moja. Wa upondo anashindwa na vitu vya bei ndogo sana: simu kulala mbali na dirisha, suruali na mkoba kuwekwa kabatini, kitanda kisogezwe, mtungi uingie ndani, taa ya sola yenye sensa iwekwe kule nyuma kwenye tofali tatu. Kundi haliogopi kufuli la jikoni. Hao kinachowapunguzia nguvu ni muda na kelele: mlango utakaowachelewesha, filimbi kila chumba, simu yenye chaji na salio, majirani wanaojua kwamba filimbi ikilia watoke wote na tochi, na namba 112 ya polisi ikiwa imehifadhiwa kwenye simu ya bibi na ya dada, si yako peke yako. Ukitazama hivyo, kufunga madirisha yote joto lisijoto kunamzuia mwizi gani hasa? Pengine kuna jibu. Nataka ulipate wewe.

Hapo hapo niingize hili la dawa ya usingizi, kwa sababu nalisikia kila mtaa. Dawa za usingizi za hospitalini zina wataalamu wake wanaokaa na mgonjwa dakika kwa dakika, wakipima kipimo chake. Kumlaza mtu kwa kupulizia kitu kutokea dirishani, chumba kina hewa inayopita, inahitaji kiasi kikubwa mno cha dawa, na harufu peke yake inaweza kumwamsha mtu. Kinachoeleza usiku wa jirani yako kwa urahisi zaidi ni feni inayonguruma, uchovu wa mchana, na saa tisa ya usiku ambapo sisi sote tunalala kama wafu. Sikuambii umbishie mtu aliyeibiwa, ana haki ya kueleza alivyopatwa. Nasema tu kwamba usipange usingizi wa watoto wako kwa kuiogopa hiyo dawa.

Swali la pili ni gumu zaidi. Usiku wa leo umeme umekatika, dada amewasha mshumaa, mshumaa umeanguka kwenye pazia. Baba yuko bandarini. Moshi umejaa ukumbini. Funguo zako ziko chini ya mto, zote kwenye pete moja. Bibi yuko chumba cha nyuma, dada yuko jikoni. Nani anatoka, na kupitia wapi?

Sikutishi kwa kupenda kutisha. Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos nchini Kenya, liliungua usiku na wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Nondo na kufuli viliwekwa kwa nia njema kabisa. Kwenye moto wa nyumba moshi mara nyingi unaua kabla ya miali kumfikia mtu, na moshi haukupi muda wa kuchagua ufunguo kati ya saba. Kama unadhani natia chumvi, jaribu siku ya mapumziko mchana: funga macho, toa pete chini ya mto, tafuta ufunguo wa jikoni, nenda kafungue kufuli bila kuona. Mwambie mtoto mkubwa akuhesabie. Watoto watacheka, na wewe utakuwa umepata jibu ambalo mimi siwezi kukupa.

Kwa hiyo hata kama ungeniambia mtaani kwenu wanaibiwa kila usiku, bado ningekuuliza kama funguo zote zikae kwa mtu mmoja. Wenye nyumba wengi wanatundika ufunguo wa kila mlango ndani, karibu na mlango wenyewe, mahali ambapo mkono au upondo wa dirishani haufiki lakini kila mkubwa wa nyumba anaupata gizani kwa kupapasa. Hilo lina hatari yake, silifichi: atakayeingia kupitia dirisha la nyuma lisilo na grili atatoka na televisheni kupitia mlangoni badala ya kuhangaika nayo dirishani. Unapima kati ya kuibiwa televisheni na kushindwa kumtoa bibi. Wewe ndiye unayepima.

Tuje kwa bibi. Umeeleza vizuri sana anavyokukera, na hiyo “naomba ruhusa ya kwenda kuswali” imenichekesha, samahani. Mama huyo ana ulimi. Lakini katika barua nzima sijaona mahali ulipomuuliza kwa nini anatoka nje. Huenda bomba la ndani linatoa maji kwa matone alfajiri. Huenda goti linamsumbua na sinki la ndani liko juu mno kwa kuoshea miguu. Huenda amezoea tu kuona anga kabla ya swala, kama alivyozoea Kilwa. Yakiwa maji, ndoo na birika ndani ya choo tangu usiku vinamaliza kesi bila kikao cha ukoo. Likiwa ni anga, hapo mna la kuzungumza, kwa sababu huyo ni mtu mzima aliyefiwa na mumewe na kuiacha nyumba yake, na sasa anagonga mlango wa mkwe ili atoke uani. Usiku ule alipoacha mlango wazi, je, alisahau, au hakuwahi kuelezwa kwamba fensi ya nyuma haijaisha na jirani ameibiwa? Wazee wengi tunawaficha habari mbaya wasihofu, kisha tunawalaumu kwa kutohofu.

Kumrudishia ufunguo kuna hatari kwamba atasahau tena. Kuendelea kumnyima kuna hatari ya namna nyingine, na wifi yako ameshaipigia simu. Kuna njia ya katikati, kwamba yeye ndiye awe mtu wa mlango wa jikoni: anafungua yeye, anafunga yeye, na asubuhi unamuuliza yeye. Watu wazima wakipewa jambo mara nyingi hulishika. Mara nyingine hawalishiki. Utajua ndani ya wiki moja.

Na mume. Ile sentensi yake ya getini nimeisoma mara kadhaa. Uliiona ni maonevu, na ninaelewa, ulikuwa umetoka kusahihisha mitihani. Lakini hebu iondolee sauti ya hasira uisikilize kama taarifa tu. Mtu ametoka bandarini, amepanda daladala hadi Rangi Tatu, ameshushwa na bodaboda, sasa amesimama peke yake kwenye giza mbele ya geti, simu inamulika uso wake, bodaboda ameshaondoka. Katika saa zote ishirini na nne za familia yenu, nani yuko hatarini zaidi ya huyo? Wanaovizia watu wanapenda getini kuliko popote. Komeo lako linakulinda wewe na watoto na linamwacha yeye nje. Sijui kama ndivyo alivyotaka kusema, maana wanaume wetu wakiogopa wanapenda kukasirika. Muulize. Si kwa “ulimaanisha nini?” ile ya kuanzisha vita, bali siku nyingine kabisa, mkiwa mnakula.

Geti mnaweza kulitafutia namna. Wengi wanaweka kufuli kwa ndani na kitundu cha kupitisha mkono, kila mtu na ufunguo wake. Wengine wanakubaliana kwamba komeo linawekwa akiwa zamu ya kurudi asubuhi tu, na akiwa wa saa sita anatuma ujumbe akifika Rangi Tatu, taa ya geti inawashwa. Kitundu kina udhaifu wake, mkono wa mwingine nao unapita. Ujumbe nao una udhaifu, wewe unalala. Chagueni udhaifu ambao nyote wawili mnaujua.

Kuhusu ile hoja yenu inayozunguka, yeye “hatujaibiwa,” wewe “hatujaibiwa kwa sababu nafunga”: mwanangu, hakuna atakayeshinda hapo. Yeye hawezi kuthibitisha kwamba ungeacha wazi msingeibiwa, na wewe huwezi kuthibitisha kwamba kufuli ndilo lililozuia. Mngeweza kuiacha hoja hiyo ipumzike na kuulizana kitu kingine: tukiibiwa kesho, nani ataambiwa ni kosa lake? Nashuku hapo ndipo panapouma, na wewe mwenyewe umemalizia barua kwa swali hilo. Hukuuliza mtapoteza nini. Umeuliza utajibu nini.

Habari ya Morogoro umeiandika kwa mistari michache ukapita haraka. Mtoto wa darasa la tano aliona baba yake amefungwa kamba, hilo peke yake linatosha kumnyima mtu usingizi. Kisha akaona mama yake akilipishwa usiku ule kwa maneno, miaka na miaka, kana kwamba aliyeingia ndani si mwizi. Sishangai kwamba mtoto huyo leo analala na funguo chini ya mto. Je, mume wako anaijua habari hiyo yote, pamoja na sehemu ya mama? Naona nyumbani kwako wanakuita Mama Kufuli kama utani, na huenda hakuna anayejua wanatania nini. Kumwambia hakutapunguza wezi Chamazi. Ila mnaweza kuahidiana mapema, kabla ya lolote, kwamba tukiibiwa aliyeiba ni mwizi, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayesemwa. Inawezekana atakubali kwa mdomo na siku ya siku akasahau. Hatari hiyo ipo. Lakini kwa sasa unafunga ukilinda mali na ukijilinda na lawama kwa wakati mmoja, na mkono unaofanya kazi mbili hukaza zaidi ya inavyohitajika.

Kama baada ya kumwambia yote hayo bado usingizi hauji, unashtuka kwa kila kishindo, moyo unadunda, ile picha ya kamba inakurudia, kuna msaada wa hilo hospitalini, na kuutafuta si kukiri kwamba wao ndio walikuwa sahihi.

Panga. Hapa nitasema kidogo tu. Sheria yetu inampa mtu haki ya kujilinda yeye na mali yake kwa nguvu inayolingana na hatari aliyokabiliwa nayo, na linalozidi hapo lina kesi. Lakini mbele ya sheria kuna watoto, ambao chini ya kitanda ndipo wanapojificha wakicheza. Na kuna wewe, unayeshtuka saa sita usiku ukisikia mtu dirishani. Katika nyumba yenu, mtu anayekuja usiku mara nyingi kuliko mwingine yeyote ni mwenye panga mwenyewe. Mwambie hivyo, uone atasemaje.

Ulinzi shirikishi: ana haki kuudhika kuchangia watu wanaolala. Ana haki vilevile kwenda kwa mjumbe au kwenye mkutano wa serikali ya mtaa akauliza nani anawasimamia, wanapita saa ngapi, na kama polisi kata anawafahamu. Mtu asiyechanga hana mdomo wa kuuliza hilo. Na yule jirani wa suruali, mmewahi kukaa naye mkapanga lolote? Nyumba zenu zimepakana kwa nyuma, upande ule ule wenye tofali tatu. Taa moja inaweza kuwamulikia wote wawili.

Imebaki hela ya mchezo. Dari ya bibi au grili za nyuma, siingii hapo, kwa sababu naona pande zote mbili zina mtu wa kulindwa. Inawezekana madirisha mawili sasa na dari kwa awamu. Inawezekana taa, filimbi na kufuli la geti kwanza, ambavyo havifiki hata nusu ya hela ya fundi, kisha muone miezi mitatu usingizi umekuwaje. Inawezekana pia mkaamua grili zote, na bibi mwenyewe akaunga mkono akishajua kilichompata jirani.

Ila mkiamua grili, mwambie fundi kabla hajakata nondo: angalau dirisha moja kwa kila upande wa vyumba vya kulala liwe na grili ya kufunguka kwa ndani, yenye bawaba na kufuli dogo, upana ambao wewe unapita na bibi anapita. Ufunguo wake utundikwe pembeni ya dirisha hilo, mbali na mkono wa nje, na kila mtu wa nyumba, hata mtoto mkubwa, alifungue mara moja mbele yenu. Namba ya Zima Moto ni 114, iandikeni hapo hapo ukutani. Mafundi wengi wakiachwa wenyewe wanachomelea moja kwa moja kwa sababu ndiyo kazi rahisi, na kuja kuikata baadaye utalipa upya.